Mwanafunzi wa masafa anasubiri jibu: barua ya wazi kwa wanaosimamia elimu masafa

Waheshimiwa wakuu wa taasisi za elimu masafa, wajumbe wa mabaraza na seneti, pamoja nanyi mnaopanga bajeti na kuidhinisha ununuzi wa mifumo,

Nawaandikia nikiwa mkufunzi wa elimu masafa ambaye, kabla ya kufundisha kwa njia hiyo, aliisomea kwa miaka kadhaa. Nimewahi kusubiri bahasha, na sasa mimi ndiye ninayesubiriwa, kwa hiyo ninayoyasema hapa nimeyaishi kabla ya kuyasomea. Jambo lililonifanya nishike kalamu ni moja. Blogu, podikasti na simu ya mkononi ni vyombo vyema sana kwa mwanafunzi aliye mbali, lakini wema wake hautokani na wingi wa maudhui tunayomrushia. Unatokana na kuwapo kwa mtu anayesoma alichoandika, anayesikiliza alichouliza, na anayemjibu kabla swali halijapoa. Naomba basi kwamba kila mnapotenga fedha kwa ajili ya vyombo hivi, mtenge kwanza saa za mkufunzi za kujibu, na saa hizo zihesabiwe katika mzigo wake wa kazi sawasawa na saa za kufundisha.

Niruhusuni nieleze kwa nini jambo hili linanikaa moyoni. Nilipokuwa mwanafunzi wa masafa, zoezi langu la kwanza la somo la takwimu lilikuwa na kurasa 12 nilizoziandika kwa mkono, usiku baada ya usiku. Lilinirudia baada ya mtihani wa mwisho kupita. Kando ya kila ukurasa palikuwa na alama ya vema, na chini kabisa pameandikwa neno moja: "Jitahidi." Ndani ya zoezi hilo nilikuwa nimekosea jambo dogo ambalo mwalimu yeyote angelirekebisha kwa sentensi mbili: nilichukua wastani wa makundi mawili yasiyolingana kwa idadi, nikaujumlisha na kuugawa kwa mbili, kana kwamba kundi la watu 10 lina uzito sawa na kundi la watu 90. Hakuna aliyenionyesha. Nikaingia kwenye mtihani na kulirudia kosa lilelile kwa kujiamini kabisa. Sikufeli, lakini nilibaki na uchungu wa mtu aliyeachwa apotee njia huku wanaoijua wakimtazama.

Wasomi wa taaluma yetu wameupa uchungu huo jina tangu miaka ya 1970. Michael Moore, mtafiti wa elimu masafa, alieleza kwamba umbali unaomwangusha mwanafunzi haupimwi kwa kilometa. Ni pengo la kuelewana linalozuka kati ya anayefundisha na anayefundishwa, na pengo hilo hupanuka mazungumzo yanapopungua na mpangilio wa kozi unapokuwa mgumu usioacha nafasi ya kuuliza. Kwa maneno mengine, mtu anaweza kukaa mstari wa mbele darasani akawa mbali, na mwingine akawa ng'ambo ya bahari akawa karibu. Tukiikubali hoja hiyo, na sijaona sababu ya kuikataa, basi kila chombo kinachopendekezwa mezani penu kinapaswa kuulizwa swali moja kabla ya bei yake: je, kinaongeza mazungumzo, au kinaongeza tu vitu vya kupakua?

Historia yenyewe ya elimu masafa inaelekeza huko. Isaac Pitman alipoanza mwaka 1840 kufundisha hati mkato kwa njia ya posta nchini Uingereza, akitumia stempu ya peni moja iliyokuwa imeanzishwa mwaka huohuo, hakutuma masomo peke yake. Wanafunzi walinakili vifungu kwa hati mkato, wakamrudishia, naye akavisahihisha na kuvirejesha. Kilichoifanya ile kuwa elimu, kinyume na kuuza vijitabu, ni safari ya kurudi. Mwaka 1951, shule ya redioni ilipofunguliwa Alice Springs nchini Australia kwa ajili ya watoto waliotawanyika kwenye mashamba ya mbali, redio iliyotumika ilikuwa ya pande mbili, na mtoto aliweza kubonyeza kitufe akajibu. Nacho Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, kilichoanza kufundisha Januari 1971, kilijulikana ulimwenguni kwa vipindi vyake vya televisheni na redio, ilhali waliosoma pale tangu mwanzo walikuwa na wakufunzi waliosahihisha kazi zao na kuwaandikia maelezo. Televisheni ilionekana na kila mtu, na barua za mkufunzi zilionekana na mwanafunzi peke yake. Labda ndiyo maana walioiga waliiga zaidi televisheni.

Sasa nije kwenye podikasti, ambayo ndiyo naijua zaidi kwa kuwa nimeikosea zaidi.

Mara ya kwanza nilipoambiwa nirekodi masomo, nilikaa ofisini na moduli yangu mbele, nikasoma sura ya tatu mwanzo hadi mwisho. Ilichukua dakika 47. Ukiisikiliza leo unasikia kiti kikilia, mlango ukifungwa, na sauti yangu ikichoka kuanzia nusu ya safari. Niliridhika, kwa sababu nilikuwa nimetimiza nilichoagizwa. Wiki mbili baadaye mwanafunzi mmoja, mama mwenye mtoto mchanga, alinieleza kwamba alikuwa akisikiliza usiku kwa kipokea sauti cha sikio moja, ili sikio la pili libaki kwa mtoto. Kisha akasema, kwa adabu kabisa, "Mwalimu, unatusomea kitabu ambacho tunacho." Sikuwa na la kumjibu. Alikuwa ametenga usingizi wake ili anisikilize, nami nilikuwa nimempa kitu ambacho angekisoma mwenyewe kwa dakika 20.

Tangu siku hiyo nilibadilisha utaratibu. Kila kipindi kinaanza na swali lililoulizwa na mwanafunzi wiki iliyotangulia, likisomwa kama alivyoliandika, bila kutaja jina lake. Kisha naeleza dhana moja tu, ile ngumu, na namaliza kwa tatizo dogo ambalo msikilizaji analitatua kwa kalamu kabla ya kipindi kijacho. Dakika nane zinatosha, na kumi ni nyingi. Narekodi kwa simu, nikiwa nimeinamia kabati la nguo lililo wazi, kwa sababu nguo hunyonya mwangwi ambao kuta za ofisi huurudisha. Sihitaji studio, na nawasihi msijenge studio kabla ya kuwapa wakufunzi muda wa kuandika wanachokwenda kusema. Studio iliyofungwa muda mwingi nimeiona, na kufuli lake lilikuwa la gharama kuliko kipaza sauti kizuri.

Kuna jambo la kiufundi ambalo naomba wakuu walifahamu hata kama watawaachia wataalamu utekelezaji wake. Neno podikasti lilianza kutumika mwaka 2004, na kilichoipa umaarufu hakikuwa sauti yenyewe, maana redio ilikuwapo tangu zamani. Kilikuwa ni mlisho. Mlisho ni orodha ndogo ya maandishi ambayo programu ya simu huikagua yenyewe, na inapokuta kipindi kipya hukipakua mara tu simu inapopata mtandao ulio nafuu, kisha kipindi kinabaki ndani ya simu kikisubiri kusikilizwa pasipo mtandao wowote. Hapo ndipo penye neema kwa mwanafunzi wa masafa. Lakini taasisi nyingi huweka faili la sauti ndani ya mfumo wa masomo, nyuma ya nywila, likisikilizwa tu ukiwa mtandaoni, na huku huliita podikasti. Mwanafunzi anaingia, anaandika nywila, ukurasa unazunguka, mtandao unakatika faili likiwa limefika asilimia 92, na anaanza upya. Kama maudhui hayana siri, na maelezo ya jinsi ya kukokotoa wastani hayana siri yoyote, yatolewe kwa mlisho ulio wazi.

Ukubwa wa faili nao si jambo la kuiachia bahati. Sauti ya mtu anayezungumza inasikika vizuri kwa kasi ya kilobiti 64 kwa sekunde, ambayo ni karibu nusu megabaiti kwa dakika, kwa hiyo kipindi cha dakika 10 hakifiki hata megabaiti 5. Video ya dakika 10 inayotumia megabiti moja tu kwa sekunde inakula megabaiti 75. Mwanafunzi anayenunua bando kidogo kidogo anaijua tofauti hiyo kuliko sisi. Video ina mahali pake, kwa mfano pale mkono unapofundishwa kushona jeraha au kuunganisha waya, lakini uso wa mkufunzi akisoma slaidi hauna sababu ya kugharimu mara kumi na tano ya sauti yake. Na kila kipindi cha sauti kiambatane na maandishi yake kamili. Wapo wanafunzi viziwi, wapo wanaosikia walio mahali penye kelele, na wapo wanaotaka kurejea sentensi moja bila kuburuta kipindi kizima mbele na nyuma. Kanuni za kimataifa za ufikivu wa maudhui ya mtandaoni zilizotolewa mwaka 2008 zinahesabu maandishi hayo kuwa sharti la ngazi ya chini kabisa.

Blogu, kwa upande wangu, nilichelewa kuiamini. Niliidhani ni mahali pa watu kutoa maoni yao kuhusu dunia. Nilichokuja kugundua ni kwamba blogu ni daftari lenye tarehe, linaloweza kusomwa na mwingine, na kwamba mambo hayo mawili yakikutana hufanya kazi ambayo moduli haiwezi. Mwanafunzi anapoandika kila wiki jinsi alivyolielewa somo, kwa maneno yake mwenyewe, unaliona kosa likiwa bado changa. Mmoja wa wanafunzi wangu aliandika kwamba amekokotoa wastani wa mapato ya watu tisa wa kikundi chao na kupata jibu ambalo halifanani na mtu yeyote kikundini. Hakusema "nimekosea". Aliandika kwamba wastani "umemdanganya". Kabla sijafika, mwenzake wa masafa, mtu ambaye hawajawahi kuonana, alikuwa ameshamwandikia chini yake: panga mapato yote kuanzia dogo hadi kubwa, kisha mtazame mtu wa tano. Mwanafunzi akapanga, akaona kwamba mmoja wao alikuwa na mapato makubwa kupindukia yaliyouvuta wastani juu, akarudi kuandika aya nyingine tatu akieleza lini wastani unafaa na lini thamani ya katikati inafaa zaidi. Mimi niliongeza sentensi mbili tu. Nimefundisha dhana hiyo mara nyingi, na sijawahi kuifundisha vizuri kama walivyofundishana wale wawili.

Si jambo geni. Mwaka 2008 George Siemens na Stephen Downes waliendesha kupitia Chuo Kikuu cha Manitoba nchini Kanada kozi ambayo wanafunzi wapatao 25 waliilipia na wengine zaidi ya 2,000 waliifuata bure mtandaoni. Sehemu kubwa ya masomo ilifanyika kwenye blogu za washiriki wenyewe, na waendeshaji wakazikusanya kupitia milisho na kuwatumia watu wote muhtasari kila siku. Kozi hiyo ndiyo iliyopewa jina ambalo leo linatumika kwa kozi huria za halaiki, ingawa nyingi zilizofuata zilibaki na halaiki zikaiacha ile sehemu ya kuandika na kusomana. Nasikitika kwamba kilichoenea zaidi ni video na maswali ya kuchagua, kwa sababu hayo ndiyo yanayokwenda bila mtu wa kujibu.

Hata hivyo blogu ina hatari zake, na ningekuwa nawadanganya nisipozitaja. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayeandika hadharani anaacha makosa yake mahali ambapo mwajiri wake wa kesho anaweza kuyakuta. Kwa hiyo blogu ya darasa iwe ya darasa: ifunguke kwa wanafunzi na wakufunzi wake tu, mwanafunzi aruhusiwe kutumia jina la kubuni mbele ya wenzake ilimradi mkufunzi amjue, na uamuzi wa kuchapisha kwa ulimwengu mzima uwe wake mwenyewe baada ya kazi kukomaa. Vilevile maandishi ni mali yake. Taasisi moja niliyoifanyia kazi ilinunua mfumo uliokuwa na blogu ndani yake. Wanafunzi wakaandika kwa miaka miwili, kisha leseni ikaisha, mkataba mpya ukaenda kwa kampuni nyingine, na asubuhi moja kurasa zote hazikuwapo. Hakuna aliyekuwa ametoa nakala. Mwanafunzi mmoja aliniuliza kama ninayo aya yake kuhusu babu yake na hesabu za mavuno, kwa kuwa alitaka kuisomea familia yake. Sikuwa nayo. Naomba mkataba wowote mtakaotia saini uwe na kifungu kinachompa mwanafunzi haki ya kuchukua maandishi yake yote, katika faili la kawaida linalofunguka popote, wakati wowote anapotaka.

Kuhusu simu, naomba kwanza tukubaliane tunazungumzia simu ipi. Katika mipango mingi ninayoisoma, simu maana yake ni simu janja yenye programu tumishi ya chuo. Programu hiyo hutengenezwa kwa gharama, huzinduliwa kwa sherehe, na baada ya mwaka haifunguki kwenye simu ambazo hazijasasishwa. Wakati huohuo ujumbe mfupi wa maandishi, uliotumwa kwa mara ya kwanza Desemba 1992, unafika kwenye kila simu, ikiwamo kitochi, bila bando na bila kusasisha chochote. Una nafasi ya herufi 160, na herufi zote za Kiswahili zinaingia humo. Ukiweka alama isiyo ya kawaida, kama kikaragosi, nafasi inashuka hadi 70 na ujumbe mmoja unageuka miwili au mitatu ya kulipia. Nimejifunza kuandika kwa herufi 160, na nakiri kwamba zimenifundisha unyofu. Chuo Kikuu cha Pretoria nchini Afrika Kusini kilianza mwaka 2002 kutumia ujumbe wa aina hiyo kwa walimu waliokuwa kazini huku wakisoma kwa masafa vijijini, kwa sababu wengi wao hawakuwa na intaneti na karibu wote walikuwa na simu. Waliwakumbusha tarehe za kujiandikisha, mitihani na kuwasilisha kazi. Ni jambo dogo, lakini mtu aliyewahi kukosa mtihani kwa sababu barua ilichelewa anajua udogo wake ulivyo mkubwa.

Ujumbe mfupi unafaa pia kwa kukumbusha somo lenyewe. Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885 kwamba tulichojifunza hutuponyoka haraka mwanzoni, na kwamba marudio yaliyotenganishwa kwa siku huzaa kumbukumbu bora kuliko marudio yaliyorundikwa mahali pamoja. Swali moja fupi siku ya pili, jingine baada ya wiki, jingine baada ya mwezi: chombo cha kazi hiyo tayari kimo mfukoni mwa mwanafunzi. Sharti ni kwamba akijibu, jibu lake lifike kwa mtu. Ujumbe unaotoka kwenye namba isiyopokea majibu unamwambia mwanafunzi kwamba chuo kina mdomo na hakina masikio.

Upo pia mzigo ambao hatuuoni kwa kuwa tunafanya kazi kwenye kompyuta. Wanafunzi wengi wa masafa huandika insha nzima kwa vidole gumba viwili. Nimewahi kuketi na mmoja wao na kumtazama akifanya hivyo. Aliandika aya ndani ya kisanduku cha mfumo, akasimama kufikiri, akarudi kwenye moduli kutafuta mfano, na aliporejea mfumo ulikuwa umemtoa kwa sababu za kiusalama na aya imepotea. Hakulalamika. Alitoa daftari, akaanza upya kwa kalamu, akaniambia kwamba hiyo ndiyo njia yake ya kawaida: anaandika kwanza karatasini, kisha ananakili. Yaani anafanya kila kazi mara mbili, na sisi tunashangaa kwamba amechelewesha. Mifumo yetu ihifadhi rasimu yenyewe kila baada ya sekunde chache, na mwanafunzi aruhusiwe kuwasilisha picha safi ya kazi aliyoiandika kwa mkono pale ambapo hati iliyochapwa si sehemu ya kinachopimwa. Na pale sisi tunapomtumia maandishi, yawe maandishi kweli, si picha za kurasa zilizopigwa kwa skana, kwa kuwa programu inayomsomea mwanafunzi asiyeona haiwezi kusoma picha hizo, na mwenye simu ndogo hawezi kuzikuza bila kupoteza mstari.

Kuhusu makundi ya WhatsApp nitasema kwa ufupi. Yanasaidia, na mengi yameanzishwa na wanafunzi wenyewe kwa sababu sisi tulinyamaza. Lakini kundi la watu 200 linaanika namba ya simu ya kila mmoja kwa wote, na wapo wanafunzi wa kike walionieleza walivyosumbuliwa na watu waliopata namba zao humo. Chuo kisimlazimishe mtu kuingia kwenye kundi kama hilo ili apate taarifa rasmi.

Sasa narejea kwenye saa, maana najua ndipo bajeti inapouma. Tuchukue mkufunzi mwenye wanafunzi 120, kila mmoja akiandika mara moja kwa wiki, na tuseme kusoma na kujibu kunachukua dakika sita. Hizo ni saa 12 kila wiki, nje ya kuandaa na kurekodi. Akiwa na wanafunzi 40, ni saa nne. Mkufunzi ambaye saa hizo hazimo kwenye mkataba wake atafanya moja kati ya mambo mawili: atazitoa kwenye usingizi wake kwa muhula mmoja kisha achoke, au ataandika "Jitahidi" chini ya kila kazi. Simlaumu anayefanya la pili, ingawa lilinikuta. Kuna njia za kupunguza mzigo bila kumwacha mwanafunzi: wanafunzi wasomane kwanza, kosa linalojirudia kwa wengi lijibiwe kwa kipindi kimoja cha podikasti, na wahitimu wa kozi walipwe kama wasaidizi wa kujibu. Njia hizi hupunguza saa. Haziziondoi.

Najua pia kwamba mtaletewa programu za kompyuta zinazojibu zenyewe, na kwamba zitasifiwa kwa kutolala wala kudai posho. Zitumieni kwa maswali ya tarehe na fomu kama zinafaa, na mwanafunzi ajulishwe waziwazi kwamba anayemjibu si mtu. Lakini mwanafunzi aliyeandika kwamba wastani umemdanganya alihitaji kusomwa na mtu mwingine aliyewahi kudanganywa vilevile. Nimeliona jambo hilo kwa macho yangu, na sitakubali kirahisi kwamba linaweza kununuliwa kama leseni.

Mfano mmoja wa mwisho kuhusu kununua. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani kiliwagawia wanafunzi wote wa mwaka wa kwanza, zaidi ya 1,600, vifaa vidogo vya kusikilizia sauti viitwavyo iPod. Mwaka uliofuata kiliubadilisha utaratibu, vifaa vikatolewa kwa wanafunzi wa kozi ambazo walimu wake walikuwa na mpango wa kuvitumia. Nakiheshimu chuo hicho kwa kubadilika mapema na hadharani. Mpangilio huo wa pili, wa kuanza na mwalimu mwenye mpango na kumalizia na kifaa, ndio ninaouomba kwenu. Chagueni kozi tatu au nne ambazo wakufunzi wake wako tayari, punguzeni idadi ya wanafunzi kwa kila mkufunzi, andikeni kwenye mkataba kwamba kila kazi na kila swali litajibiwa ndani ya siku saba, na mwisho wa muhula chapisheni mlichokipata, hata kama hakipendezi. Kipimo kisiwe mara ngapi faili limepakuliwa. Kiwe siku ngapi mwanafunzi alisubiri, na alifanya nini na jibu alilopewa.

Juzi, saa nne na dakika 40 usiku, yule mama mwenye mtoto mchanga, ambaye sasa mtoto wake anatembea, alinitumia sauti ya dakika moja na nusu. Nyuma yake inasikika sufuria ikifunikwa. Anauliza kwa nini, katika kipindi cha wiki iliyopita, nilipokokotoa mtawanyiko wa sampuli, niligawa kwa idadi ya watu iliyopungua mmoja badala ya idadi kamili. Ni swali zuri kuliko alivyodhani, na siku saba zinaisha Jumatatu. Nikimaliza kutia saini hapa, nitalifungua kabati na kumrekodia jibu.

Wenu katika kazi hii,

Mkufunzi wa takwimu, elimu masafa